Kumwimba Machaut kwa Kiingereza bila kuua vina: naomba msaada

Alto wa Buruburu

Hamjambo wadau. Nimetwikwa mzigo na sijui nianzie wapi kuushika.

Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ndogo inayofanya mazoezi Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi mmoja huku Buruburu. Si kwaya ya kanisa, ingawa wengi wetu solfa tulijifunzia kanisani. Mwalimu wetu ana wazimu wa nyimbo kuukuu za Ulaya, na safari hii ametuletea "Douce dame jolie" ya Guillaume de Machaut, Mfaransa wa karne ya 14. Wimbo ni mtamu, wa sauti moja tu, unarukaruka kiasi kwamba hata watoto wa mlinzi wa ukumbi wameshaushika bila kujua neno lake moja.

Shida ni kwamba mwalimu anataka uimbwe kwa Kiingereza. Kiingereza cha leo, tena chenye vina. Anasema watu wa Nairobi ukiwaimbia wasichoelewa, mshororo wa tatu hauishi kabla hawajatoa simu. Akauliza nani hapa alisoma Kifaransa. Mimi nilikisoma hadi kidato cha nne, na wenzangu wanajua. Wote wakanigeukia.

Kibwagizo chenyewe ni hiki:

*Douce dame jolie,*
*Pour Dieu ne pensés mie*
*Que nulle ait signorie*
*Seur moy fors vous seulement.*

Maana naipata: bibi mtamu mzuri, kwa ajili ya Mungu usidhani hata kidogo kwamba yuko mwanamke mwingine mwenye utawala juu yangu ila wewe peke yako. Lakini nikiiweka maana yote kwenye Kiingereza, maneno yanafurika nje ya noti. Nikiyapunguza yatoshee, vina vinakufa. Nikivifufua vina, inatoka kadi ya Valentine ya dukani, ile yenye dubu. Mwenzangu wa teno naye ananishauri nitumie "thee" na "thou" ili isikike ya kale. Mwalimu hataki hata kusikia.

Je, kuna aliyewahi kufanya kazi ya namna hii? Kitu gani kinatupwa kwanza: maana, vina au mapigo? Na huyu bibi alikuwepo kweli, au namsumbukia mtu wa kubuni?

Kijana wa Rongai

Dada, imbeni hivyohivyo kwa Kifaransa. Watu husikiliza Kilingala miaka nenda miaka rudi ndani ya matatu na hakuna anayeulizia maana. Maana chapisheni kwenye karatasi ya mlangoni. Kazi imeisha.

Mkalimani wa Gigiri

Dada Alto, pole na hongera kwa pamoja. Mimi riziki yangu ni ukalimani, Kifaransa na Kiingereza, mchana kutwa nikiwa ndani ya kibanda cha kioo na vipokea sauti masikioni. Huko hakuna anayenidai kina. Usiku ndipo ninapojilipa: natafsiri nyimbo hizi za mapenzi ya makasri, na Machaut nina daftari lake zima. Kwa hiyo umebisha mlango wenyewe.

Kwanza jitoe wasiwasi. Kinachokusumbua si Kifaransa chako cha kidato cha nne. Ni Kiingereza. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alichukua balladi tatu (mashairi ya beti zenye kibwagizo) za Oton de Grandson, mtu wa vita na mshairi aliyeandika Kifaransa, akazitia katika Kiingereza. Alipofika mwisho akaongeza ubeti wake mwenyewe wa kulalama: kwamba vina ni adimu mno katika Kiingereza, na kwamba kumfuata Grandson neno kwa neno ni kama kutumikia kitubio. Na wala hakumfuata. Anayesema katika balladi za Grandson ni mwanamume. Chaucer akamgeuza mwanamke. Huyo ndiye wanayemwita baba wa ushairi wa Kiingereza. Sasa wewe nani akukataze?

Angalia ukubwa wa jambo lenyewe. Wimbo wako mzima, ukiandika kibwagizo mara moja tu, una mishororo 34. Vina vyake ni viwili: -ie na -ent. Mishororo 24 inaishia -ie. Machaut hakutoka jasho kwa hilo, kwa sababu Kifaransa kina ghala la maneno yanayoangukia palepale: signorie, tricherie, servie, garie, maladie. Kiingereza kilishakatakata mikia ya maneno yake zamani, maneno mengi yanafungwa na konsonanti, kila moja na yake, hayakutani. Ukilazimisha maneno 24 ya Kiingereza cha leo yenye kina kimoja cha silabi mbili, la kumi halifiki kabla hujaanza kuandika tangazo la sabuni.

Sasa kwa swali lako la kitu gani kitupwe kwanza. Katika shairi la kusomwa ningekujibu vingine. Katika wimbo, mapigo hayatupwi kamwe. Chukua karatasi yako ya muziki, ufunike maneno, uhesabu silabi zinazoimbwa. Kila mshororo wa kibwagizo ni saba. Kwa macho *jolie* ni silabi mbili, na Mfaransa wa leo akiongea ndivyo anavyoitamka, lakini ile *e* ya mwisho ikiimbwa inapata noti yake: jo-li-e. Basi: dou-ce da-me jo-li-e, saba. Pour Dieu ne pen-sés mi-e, saba. Uzito unakaa juu ya ya kwanza, ya tatu na ya sita, halafu ya saba inateleza chini laini. Mishororo mitatu inateleza hivyo. Wa nne hautelezi: seu-le-MENT, unapiga mguu chini ukasimama. Utamu wote wa kibwagizo uko hapo, mara tatu laini, mara moja kishindo, na ndiyo maana watoto wa mlinzi wameushika. Ukiwapa Kiingereza chenye vina vizuri lakini kinachopiga kishindo mara nne, mtaimba kama gwaride la Madaraka.

Mimi kibwagizo hicho nakiimba hivi:

*Sweet my lady, don't leave me*
*thinking, God's sake, believe me,*
*any other could thieve me*
*from the rule of you alone.*

Ujanja ni ule mkia. Kiingereza hakina vina vingi vya silabi mbili, lakini kina vitenzi, na kitenzi chochote ukikifunga *me* nyuma yake kinageuka kina kinachoteleza: kitenzi kinabeba uzito, *me* inaanguka. Ni ujanja wa bei rahisi, sikatai. Ila unaimbika, na mwimbaji hapotezi pumzi. Ubeti wa kwanza ufunge kwa *you*, wa pili rudi kwa *me*, hivyo hivyo, na sikio la msikilizaji litadhani limesikia kina kimoja mwanzo mpaka mwisho.

Utaona *jolie* imepotea. Wacha ipotee. Kila bibi katika nyimbo hizi ni mzuri. Uzuri wake hausemi chochote. Usichokubali kipotee ni *signorie*, na hapa naomba unistahimilie kidogo.

Lugha ya mapenzi haya ni lugha ya ardhi na ukubwa. Mwanamume anajiweka mbele ya bibi kama askari anavyojiweka mbele ya bwana aliyempa shamba. Nenda kwenye ubeti wa tatu, mahali anaposema anausihi moyo wa bibi *a jointes mains*, kwa mikono iliyounganishwa. Mtu wa leo akisoma hapo anaona kanisa, mtu amepiga magoti anasali. Lakini hiyo ndiyo ishara ya kiapo cha utii katika Ulaya ya enzi hizo: unapiga magoti bila silaha, bila kofia, unaunganisha viganja, unaviingiza katikati ya viganja vya bwana wako, naye anavifunika kwa vyake. Kuanzia hapo wewe ni mtu wake, na yeye anawajibika kukulinda. Mpenzi wa Machaut amenyoosha mikono hiyo na hakuna viganja vilivyoipokea. Imebaki hewani. Ndiyo maana anachoomba mwishoni si busu. Anauomba moyo wa bibi, kwa kuwa umemsahau, umuue upesi, maana amenyong'onyea muda mrefu mno. Na humohumo anamwita *douce anemie*, adui mtamu. Ukitafsiri mikono hiyo kama sala, bibi anakuwa malaika, na malaika hana deni na mtu. Huyu ana deni.

Kuhusu kuwepo kwake. Machaut alizaliwa karibu mwaka 1300, akafa 1377, alikuwa kanoni wa kanisa kuu la Reims, na kabla ya hapo karani wa Jean wa Luxembourg, mfalme wa Bohemia, yule aliyeuawa vitani Crécy mwaka 1346. Maneno na muziki ni vyake vyote viwili. Bibi wa wimbo huu hana jina, na kwa maoni yangu usimtafute. Ni cheo, kama "mheshimiwa". Hata hili jina la mapenzi ya makasri, *amour courtois*, wasomi walilizoea baada ya msomi Mfaransa Gaston Paris kulitumia mwaka 1883, zaidi ya miaka 500 tangu Machaut azikwe.

Na huyo wa teno mwambie hivi: Machaut anamwita bibi *vous*, kwa heshima, siyo *tu*. "Thou" ya Kiingereza ndiyo *tu*. Akimwita bibi hivyo amemvua cheo chake ili wimbo unukie vumbi. Mwalimu wenu yuko sahihi.

La mwisho: kibwagizo kinafungua wimbo, kisha kinarudi baada ya kila ubeti, na beti ni tatu. Mtakiimba mara nne. Usiku wako wote ulalie mishororo hiyo minne. Beti zenyewe hata zikilegea kidogo, watu watasamehe.

Alto wa Buruburu

Asante sana dada Mkalimani. Nimeuimba wako jikoni, unakaa kwenye noti bila kusukumwa. Sikujua kabisa habari ya mikono.

Nimekwama sasa kwenye ubeti wa kwanza, vile vishororo vifupi vya ajabu: *Qu'adès sans tricherie / Chierie / Vous ay et humblement / Tous les jours de ma vie / Servie / Sans villein pensement.* Hicho cha neno moja nakifanyaje? Kinapita kabla hujafungua mdomo.

Mkalimani wa Gigiri

Silabi tatu kila kimoja, uzito katikati. Ni mwangwi wa mshororo uliotangulia, kwa hiyo kiandike kama mwangwi. Kwa mfano: *Not a day I've deserved you, / yet served you*. Machaut anasema hajawahi kufanya hila, mimi nasema sistahili. Si kitu kilekile, lakini utumishi umebaki, na utumishi ndio unaotafutwa. Unaona pia kishororo kinavyomaliza sentensi iliyoachwa wazi? Kisipofanya kazi hiyo kitasikika kama kikwifukwifu.

Mzee wa Vina, Kariokor

Wanangu, nimesoma yote haya kwa makini. Kifaransa sikijui. Nimefundisha ushairi wa Kiswahili katika shule za mji huu mpaka nikastaafu, na nimeketi hapa Kariokor nikihesabu mizani za kigeni kwa vidole, mjukuu wangu ananishangaa.

Binti yangu Alto, hebu kitazame tena hicho kibwagizo chako. Mishororo mitatu ina kina kimoja, wa nne una chake. Huo si ndio mpangilio wa utenzi? Kisha nikaenda kutazama beti zote tatu kama alivyozieleza Mkalimani, nikakuta kila ubeti unafungwa na kile kina cha mshororo wa nne, -ent, -ent, -ent. Sisi hicho tunakiita bahari, kina kinachofungia beti zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Tena kwa kuwa vina havibadiliki ubeti hadi ubeti, ni mtiririko. Huyu Machaut angekaa kwenye baraza la washairi wa Lamu wala asiambiwe asogee.

Swali langu ni hili: mnahangaika nini na Kiingereza? Mkalimani amekiri mwenyewe kwamba Kiingereza ni fukara wa vina. Chetu karibu kila neno linaishia irabu. Na huo uzito unaokaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, jo-LI-e, kwetu ndiyo desturi ya kila neno. Nimejaribu. Tenzi nyingi huwa na mizani nane kwa kipande. Hapa nimebana hadi saba kwa sababu ya noti zenu:

*Bibi mwema, jamali,*
*Mungu, usikubali*
*kwamba nina liwali*
*ila wewe, wewe tu.*

Hesabu: bi-bi mwe-ma ja-ma-li. Mu-ngu u-si-ku-ba-li. Kwa-mba ni-na li-wa-li. I-la we-we we-we tu. Saba, saba, saba, saba. Na ile *tu* ya mwisho ni silabi moja inayosimama peke yake, kwa hiyo mguu unapiga chini pale Mkalimani alipotaka. Liwali nimemleta makusudi. Wazee wa Pwani wanamkumbuka, mtu wa sultani, ukipeleka shauri kwake unaliacha miguuni pake. Ndiyo *signorie* yenu hiyo bila kuitafuta mbali.

Vishororo vifupi je? Hivi hapa, saba, tatu, sita:

*Nimekupenda kweli,*
*kamili,*
*na kwa adabu tu;*
*maisha, kila hali,*
*halali,*
*moyo bila kutu.*

Kijana wa Rongai

Mzee heshima yako. Ila hiyo "Mungu, usikubali" inasikika kama unamwomba Mungu ndiye asikubali. Huku kwetu mtu akimbembeleza mtu husema "haki". *Haki, usikubali.* Ni silabi zilezile.

Mzee wa Vina, Kariokor

Kijana wangu, nilitaka nikugombeze, nikaisoma kwa sauti. Ni haki ya Mungu iliyofupishwa, kwa hiyo Mungu bado yumo. Na inabembeleza, wakati yangu inaapa. Iingie.

Mkalimani wa Gigiri

Shikamoo mzee. Nimebaki mdomo wazi kwa hiyo liwali. Kiingereza changu kilihitaji *rule*, neno lisilo na sura. La kwako lina kanzu na joho na ofisi.

Jambo moja tu nalidai: *servie* imetoka. Ubeti wako unapenda kweli, kwa adabu, kihalali, lakini hautumikii. Naona liwali wa kibwagizo anaubeba utumishi kwa mbali, maana aliye na liwali ni raia. Hata hivyo kwenye Kifaransa *Servie* imetengwa peke yake mshororo mzima, isikike.

Mzee wa Vina, Kariokor

Marahaba binti. Dai lako ni la haki. Ondoa "halali", weka "nimeli"? Hapana, hiyo si lugha. Nitalala nayo.

Msomaji wa Parklands

Samahani kuingilia. Mimi sikubaliani na mwelekeo wote huu. Mashairi ya zamani yakitiwa vina vya kisasa yanageuka nyimbo za watoto. Tafsiri safi ya Kiingereza, isiyo na vina, inayoeleza wazi anachosema mtu, ingewaheshimu zaidi wasikilizaji na Machaut pia. Hiyo *thieve me* iko pale kwa sababu ya kina tu. Machaut hakutaja wizi popote.

Na nikiwa nimeshaanza: hamuoni kuna kasoro? Mwanaume analia mishororo 34, anatishia kufa, halafu bibi hasemi hata neno. Huo si upole, ni usumbufu wenye ala za muziki.

Mkalimani wa Gigiri

Kwa kitabu ninaafikiana nawe nusu. Kama dada Alto angekuwa anachapisha Machaut wa kusomwa, ningemwambia aweke Kifaransa kushoto na nathari wazi kulia, kila mtu apite zake. Lakini amepewa muziki uliokwisha kutungwa. Noti za mwisho wa mishororo zinafanana, sikio linasubiri sauti zifanane pia. Usipolipa, msikilizaji anahisi kuna kitu kimevunjika hata kama hajui ni nini. Kuhusu *thieve*, ndiyo, ni mgeni. Nimemkaribisha kwa sababu anayeweza kuibwa ni mali, na mpenzi huyu anajihesabu mali ya bibi. Asingekuwa na maana hiyo ningemfukuza.

Kwa lile la pili huna mpinzani hapa. Wala hukuwa wa kwanza. Christine de Pizan, aliyezaliwa Venice mwaka 1364 akakulia Ufaransa, aliachwa mjane akiwa na miaka 25 na watoto wa kulea, akaishi kwa kalamu yake. Ametunga balladi mia za kupokezana, mpenzi akisema, bibi akijibu, na bibi anayajua hayo maneno yote ya kufa kwa mapenzi, anayapima, anaogopa jina lake. Anayo sababu, maana kadiri balladi zinavyosonga mpenzi anapoa, na anayebaki akiugua ni bibi. Dada Alto, mwalimu wako akitafuta wimbo mwingine, mwambie Gilles Binchois aliitia muziki balladi ya Christine ya majonzi, *Dueil angoisseus*. Hiyo sauti ya pili yenu itaipenda, ingawa kuitafsiri ni msiba mwingine.

Kijana wa Rongai

Kwa hiyo jamaa analia *haki usikubali* mara nne na bado hajibiwi. Namjua. Namjua kabisa.

Alto wa Buruburu

Nimerudi kutoka mazoezini, nimenasa kwenye foleni ya Jogoo Road, kwa hiyo nina muda wa kuandika.

Nilimpelekea mwalimu vyote viwili. Cha Kiingereza alikipokea papo hapo. Cha Kiswahili alikitazama kimya, akatuambia tukiimbe, tukakiimba, akasema tena. Besi wote walikuwa wanatabasamu walipofika kwa liwali. Uamuzi ni huu: kibwagizo cha kufungua tutaimba kwa Kifaransa, kile baada ya ubeti wa kwanza kwa Kiingereza, cha tatu kwa Kiswahili, na cha kufungia turudi Kifaransa. Ubeti wa kwanza na wa tatu ni Kiingereza, namalizia wiki hii. Wa katikati mwalimu anautaka kwa Kiswahili, na humo utumishi umejaa tele: *Mais vo douce maistrie / Maistrie / Mon cuer si durement*, lakini utawala wako mtamu unautawala moyo wangu kwa nguvu. Mzee, naomba.

Wa teno amenuna lakini anaimba.

Mzee wa Vina, Kariokor

Ubeti wa kati nimeupokea, nipe hadi Alhamisi. Kuna "idhilali", silabi nne, hainifai; kuna "dhalili", tatu, na uzito uko katikati panapotakiwa. Nitaanzia hapo, na huenda deni la Mkalimani likalipwa humohumo.

Lakini waambie wenzako kitu kimoja kabla ya Jumamosi, maana nawajua waimbaji wa solfa. "Mwema" ni silabi mbili, mwe-ma. "Kwamba" ni mbili. Nikisikia mtu amenivutia "mu-we-ma" kwa noti tatu ili ajaze nafasi, nitanyanyuka nitoke nje. Na "haki" isemwe fupi, halafu mpumue kidogo, ndipo "usikubali". Msiziunganishe.